Swimbeti laini bwawani: nimerudi na ndoo kavu vya kutosha, njooni tufundishane

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mtu akiuliza humu habari za swimbeti anajibiwa kwa mstari mmoja: "Vuta pole pole mkuu, utanasa tu." Hiyo pole pole ni ipi? Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikaenda bwawani nikavuta pole pole yangu msimu mzima, narudi na ndoo kavu. Jirani yangu wa ukingoni, mwenye minyoo na kiboya, akawa ananiangalia kwa huruma. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba chambo hakikuwa na tatizo na bwawa halikuwa na tatizo. Leo nashusha yote niliyonayo. Ni ndefu, asiyependa kusoma arudi kwenye minyoo.

Kwa wageni: swimbeti laini ni kisamaki cha plastiki teketeke ambacho mkia wake umepanuka mwishoni kama kafi la mtumbwi. Naongelea mabwawa tu, yale ambayo ukisimama upande huu unamwona mtu wa upande wa pili. Na samaki ninayemlenga ni besi, yule mdomo mkubwa. Samaki wengine wanaowinda wenzao nao wanaichukua, ila sitaapa kwa niaba yao.

KAZI NI YA MKIA

Shika swimbeti yako uitazame pale mwili unapoishia na kafi linapoanzia. Ile shingo nyembamba ndiyo injini. Ukivuta, maji yanalisukuma kafi upande mmoja, shingo inapinda, plastiki inataka kurudi ilipokuwa, inarudi na kupitiliza, maji yanalidaka upande wa pili. Ndiyo hiyo piga-piga unayoiona, na mwili nao unayumba kwa sababu mkia unautikisa. Shingo nene au plastiki ngumu inadai mwendo ndipo ianze kupiga. Shingo nyembamba inapiga hata kwa mwendo wa konokono. Kwa hiyo swimbeti mbili za urefu mmoja na rangi moja zinaweza kutaka mikono tofauti kabisa, na anayekwambia "pole pole" bila kuuliza unatumia ipi hajakusaidia kitu.

Siku moja nilichoka kutupa. Nikachutama ukingoni, mahali maji yanafika magotini na chini kunaonekana, nikaachia mshipi kama mita moja na nusu kutoka ncha ya fimbo, nikaitembeza swimbeti mbele ya macho yangu. Aibu! Kwa ule mwendo niliokuwa nauita pole pole, mkia ulikuwa umenyooka tu, haupigi, naburuta kijiti. Nikaongeza mwendo, mkia ukaamka. Nikaongeza tena, kisamaki kikalala ubavu na kuanza kuzunguka kama feni. Kumbe kati ya kijiti na feni kuna nafasi ndogo sana, na msimu mzima nilikuwa nje ya hiyo nafasi.

Tangu siku hiyo situpi kabla ya kuchutama. Natafuta mwendo wa chini kabisa ambao kafi bado linapiga, kisha nahesabu. Rili yangu, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inakunja kama sentimita 70 kwa mzunguko, na swimbeti ya sentimita 9 ninayoipenda inataka mzunguko mmoja kwa sekunde mbili. Yako itakuwa na hesabu yake, ihesabu mwenyewe.

Ukishaupata huo mwendo kuna zawadi nyingine: unausikia mkia mkononi. Tk-tk-tk ndogo ndogo kwenye mpini wa fimbo. Ikigeuka nzito na butu, umebeba jani. Ikikatika ghafla, kuna kitu kimetokea huko chini, na mara nyingi kitu hicho kina mapezi. Mimi samaki wengi nawajua hivyo, kwa mkia kunyamaza. Ule mgongano mkali unaosimuliwa humu, wa fimbo kutaka kuchomoka mkononi, upo, lakini ukiusubiri huo peke yake utawaachia wengi waje, waonje na kutema bila wewe kujua kwamba walikuja.

MIGUU

Bwawa ni dogo, samaki wanakusikia. Besi wanakaa karibu na ukingo kuliko tunavyodhani, kwa sababu vifaranga vya samaki na vyura na kila kinacholiwa kiko hapo. Sisi tunafanya nini? Tunakuja kwa kishindo mpaka maji yaguse viatu, tunasimama juu ya samaki, kisha tunatupa katikati ya bwawa kwa nguvu zote kwenda kutafuta samaki ambao tumewafukuza.

Simama hatua nne au tano nyuma ya maji. Tupa la kwanza sambamba na ukingo, siyo kuelekea katikati. Piga hesabu: ukitupa mita 20 kwenda katikati, swimbeti inapita kwenye ukingo wa magugu mita mbili za mwisho tu. Ukitupa sambamba na ukingo, mita zote 20 ni mahali pa kuliwa. Jua likiwa mgongoni kwako angalia kivuli chako kinaangukia wapi. Nilishawahi kumwona besi mkubwa akigeuka na kuondoka taratibu, bila haraka, kama mtu anayetoka kwenye kikao kibovu, kisa kivuli cha kofia yangu.

KUVALISHA NDOANO

Ninatumia namna mbili tu. Kwenye maji ya wazi naweka kichwa cha risasi cha gramu 3.5 hadi 5, ndoano wazi. Kabla ya kuchoma, laza ndoano ubavuni mwa kisamaki, pua kwa pua, uone pindo la ndoano linaishia wapi, utie alama kwa ukucha mgongoni. Ndoano itokee hapo hapo, katikati ya mgongo. Ikitokea karibu na kichwa plastiki inavutika, ikitokea karibu na mkia inajikunja, na yote mawili yanaua mwendo.

Kwenye magugu na majani ya yungiyungi natumia ndoano pana yenye risasi iliyoshikizwa kwenye shina lake, na springi ndogo ya kuzungushia puani. Ncha inatokea mgongoni na kulala kwenye mfereji mdogo ambao swimbeti nyingi zinao. Inapita kwenye majani kama nyoka.

KUKITA NDOANO

Hili limenigharimu kuliko yote. Besi hang'ati kama mbwa. Anafungua mdomo ghafla, maji yanakimbilia ndani, na chambo kinakwenda na maji. Sasa wewe ukiwa umekaza mshipi na fimbo ngumu, halafu ukashtuka na kupiga mara tu mkia uliponyamaza, umemnyang'anya chakula kabla hakijaingia. Mkia ukinyamaza endelea kukunja vile vile, usibadili kitu. Ukisikia uzito unajaa kwenye fimbo, hapo kaza, fagia fimbo upande mmoja kwa nguvu ya wastani. Kwa ndoano iliyofichwa fagia kwa nguvu zaidi maana ncha inabidi itoke kwenye plastiki kwanza.

Nilimpata wa kwanza kwa njia hiyo alfajiri, pembeni ya matete. Tk-tk-tk, kimya. Mkono wangu ulitaka kupiga. Nikajizuia, nikakunja nusu mzunguko, na fimbo ikapinda yenyewe. Hakuwa mkubwa, kilo moja hivi, lakini nilimwangalia kama nimezaa.

Karibuni mniongezee, na mnaopinga pingeni.

#2

Uzi wa kwenda nao bwawani huu. Nimekaa mbele kabisa, ngoja waje wajuzi.

#3

Mkuu mleta uzi, mimi yangu ni feni muda wote. Hata nikivuta taratibu inalala ubavu. Nimebadilisha swimbeti tatu. Nina bahati mbaya au kuna kitu?

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3, angalia kwanza ndoano. Itazame kwa mbele, kama unaitazama usoni: ikitokea hata milimita mbili pembeni ya katikati ya mgongo, kisamaki kinajipinda na kulala. Chomoa, choma upya kwenye tundu jipya, siyo lile lile, maana plastiki inakumbuka njia ya zamani.

La pili, uzito uko wapi? Risasi inatakiwa iwe chini ya tumbo ili iwe kama nanga ya kukiweka wima. Ukitumia ndoano tupu isiyo na risasi kwenye swimbeti yenye mgongo mpana, itapinduka tu hata ungekuwa fundi. Na la tatu, je, zimekaa vipi kwenye pakiti? Mkia uliokunjwa miezi sita unabaki umekunjwa. Uchovye kwenye maji ya moto sekunde kadhaa mpaka ulegee, unyooshe, kisha utie kwenye maji ya baridi. Unarudi kama mpya.

#5

Samahani kwa kuharibu shughuli, ila mimi ndiye yule jirani wa minyoo, au pacha wake. Nyuzi kibao za plastiki, na bado mwenye minyoo anajaza ndoo. Kuna haja gani?

#6 (mleta uzi)

Karibu jirani, nilijua utakuja. Kwa ndoo ya visamaki vya kiganja umenishinda, sibishani. Ila mnyoo unasubiri mahali pamoja, swimbeti inatembea. Kwa nusu saa nimeshapita upande mzima wa bwawa na najua samaki wako wapi, wewe bado unaangalia kiboya. Na wengi wa wale wadogo wanaodonoa mnyoo wako hawawezi kuingiza swimbeti ya sentimita 10 mdomoni, kwa hiyo ananifikia mwenye mdomo. Halafu samaki wa mnyoo mara nyingi anaumeza mpaka kooni, ukitaka kumrudisha majini ni kazi. Wa swimbeti kwa kawaida ananasa mdomoni.

#7

Mleta uzi umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu ambaye bwawa lake ni lile lile mwaka mzima. Niongeze kuhusu maji, maana nimevua mabwawa zaidi ya miaka ishirini.

Bwawa likipigwa na joto kwa wiki kadhaa bila upepo linagawanyika matabaka mawili. Maji ya moto ni mepesi yanakaa juu, ya baridi yanakaa chini, na hayachanganyiki. Yale ya chini hayapati hewa, huku majani yaliyooza kwenye matope yanaendelea kula oksijeni mpaka inaisha. Watu wanasema "jua kali, samaki wameenda kilindini kupoa," wanafunga risasi kubwa na kwenda kuburuta chini ambako hakuna samaki anayeweza kukaa. Nimefanya hivyo miaka. Kipindi hicho vua tabaka la juu: swimbeti nyepesi, kwenye kivuli cha mti au cha gati, au pale maji mapya yanapoingilia.

Na hii ya alfajiri isichukuliwe kama sheria. Mimea ya majini inatoa oksijeni mchana kukiwa na jua. Usiku inaacha, lakini kila kiumbe kinaendelea kupumua, mimea yenyewe ikiwemo. Kwa hiyo oksijeni ya bwawa inafika chini kabisa karibu na jua kuchomoza. Kwenye bwawa lililojaa magugu, siku za joto kali, saa hiyo mnayoisifia samaki wanaweza kuwa wamezubaa. Mimi bwawa la namna hiyo naliendea jioni.

Wenye misimu ya baridi: maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi besi hana haja ya kula mara kwa mara wala hakimbizi kitu. Hapo tumia shingo nyembamba kuliko zote ulizonazo, kaa karibu na tuta ambako ndiko kina kirefu kwenye mabwawa ya kuchimbwa kwa tuta, uvute mpaka uchoke na upole wako. Yakipanda hadi kama 16 na kuendelea, wanakuja ukingoni kutaga. Dume ndiye analinda kiota, anagonga chochote kinachopita juu yake kwa hasira hata kama hana njaa. Mimi hao siwavui. Ukimwondoa tu kwenye kiota, visamaki vidogo vinavamia mayai. Kila mtu na roho yake.

#8

#7 umeniua na hiyo ya oksijeni. Alfajiri zangu zote zile!

#9 (mleta uzi)

Mzee wangu #7 shikamoo, na nimeshindwa kwa hoja. Bwawa langu lina magugu kidogo na upepo mwingi, ndiyo maana alfajiri imenikubali. Ningeliandika hilo mapema ningeokoa watu usingizi.

#10

Rangi hujaigusa kabisa mleta uzi. Na mshipi. Watu wanabishana sana hapo.

#11 (mleta uzi)

Rangi sikuigusa makusudi, maana ndiyo mada ambayo watu wanaipenda ili wasizungumzie mwendo wao. Maji meupe: rangi za samaki wa bwawani humo humo, mgongo wa kijani au kijivu, tumbo jeupe. Maji ya tope: nyeusi inayotoa umbo zito, au kijani-njano kinachowaka. Nyekundu ndiyo inayopotea kwanza kadiri maji yanavyozidi kina, kwa hiyo usiilipie sana. Nimemaliza.

#12

Mshipi nijibu mimi, nimeunguza mingi.

Mshipi wa kusukwa hauvutiki kabisa. Tk-tk ya mleta uzi utaisikia kama iko kwenye jino. Ila unaelea, unaonekana, na kwa sababu hauvutiki unachochea lile kosa la kunyang'anya chakula. Nailoni inavutika, inasamehe mkono wenye haraka, lakini kwa mbali husikii kitu. Fluorokaboni ni nzito kuliko maji, inazama na kukishikilia chambo chini, na mwanga unapinda ndani yake karibu sawa na unavyopinda ndani ya maji, ndiyo maana haionekani kirahisi kama nailoni.

Mimi: magugu mazito, wa kusukwa wa kilo 15 hadi 20 moja kwa moja, nani anajali kuonekana ndani ya vichaka. Maji ya wazi na meupe, fluorokaboni ya kilo 5 hadi 7. Fimbo ya mita 2.1 yenye ncha inayokubali kupinda. Walio na fimbo ngumu kama mwichi ndio wanaolalamika kwamba samaki wa bwawa lao "wanagusa tu."

#13

Napinga sehemu moja. Wa kusukwa moja kwa moja bwawani, hapana. Weka japo mita moja ya fluorokaboni mbele. Siyo kwa ajili ya macho ya samaki, ni kwa ajili ya mshipi wenyewe: wa kusukwa unalegea, unajizungusha kwenye ndoano wakati wa kutupa, unafika majini umeshafunga mkia. Unavuta mita 20 bure. Hilo lenyewe nililitafuta sababu wiki mbili.

#14

Mimi swali langu ni ukubwa. Si mnasema samaki mkubwa anataka kitu kikubwa? Kuna swimbeti za urefu wa mkono mzima. Nizitupe bwawani?

#15 (yule wa #7)

Besi anaweza kumeza samaki wa theluthi ya urefu wake bila shida, wakati mwingine zaidi. Rekodi ya dunia ya besi mdomo mkubwa inashikiliwa na watu wawili. George Perry alimpata wake Montgomery Lake, Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, kilo 10.09. Manabu Kurita akapata wake Ziwa Biwa, Japani, Julai 2009, kilo 10.12. Wa Kurita alikuwa mzito kidogo, lakini kanuni za IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi, zinataka ushinde rekodi ya samaki wa uzito huo kwa wakia mbili, kama gramu 57, kwa hiyo wakahesabiwa sare. Na Kurita alitumia nini? Samaki mzima mwenye uhai. Kwa hiyo ndiyo, mkubwa anakula kikubwa.

Lakini zile swimbeti kubwa zilipata jina kwenye mabwawa makubwa ya kuhifadhia maji kule California, ambako wahusika humwaga samaki aina ya trauti kwa ajili ya wavuvi, na besi wakanenepa kwa kuwala hao. Chambo kinafanana na chakula cha mahali. Bwawa lako lina trauti? Kama chakula chao ni vifaranga vya urefu wa kidole, wewe unaleta nyambizi. Kaa kwenye sentimita 8 hadi 12. Ukitaka kujua, tazama kwenye maji ya kina kifupi mchana, uone vinavyokimbia vina ukubwa gani.

#16

Naomba niweke malalamiko yangu hapa maana nina uchungu. Nimenunua swimbeti za aina mbili, nikazipanga vizuri kwenye kisanduku kimoja cha plastiki pamoja na minyoo bandia. Nimefungua juzi, uji. Zimeungana, kisanduku chenyewe kimetoboka chini. Nani ananifidia?

#17 (yule wa #12)

Hakuna wa kukufidia mkuu, pole. Plastiki laini inalainishwa kwa mafuta maalumu, na hayo mafuta yanatoka taratibu. Yakikutana na plastiki ya aina nyingine, au na kisanduku kisichotengenezwa kwa kazi hiyo, yanaila. Kila aina ikae kwenye pakiti yake ya dukani, na zile zenye kitako kigumu chenye umbo la samaki usikitupe, ndicho kinachonyoosha mkia. Usiziache kwenye gari juani. Na zilizochanika puani usitupe pia: futa maji, tone moja la supagluu, bana sekunde chache. Moja yangu imeshonwa hivyo mara nne na bado inaleta samaki, ina makovu kama bondia.

#18

Na zilizokwisha kabisa msizitupe majini jamani. Samaki wanazimeza na haziyeyuki tumboni. Mimi nina chupa ndogo ya kutia vipande. Risasi nayo, angalieni sheria za mnakovua: Uingereza walipiga marufuku vipande vingi vya risasi vya kuvulia tangu 1987 kwa sababu bata-maji walikuwa wanavimeza na kufa. Mbadala mmoja ni tangsteni, ambayo ni nzito zaidi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kichwa kinakuwa kidogo. Bei yake tuiache.

#19 (yule wa #3)

Nimerudi na ripoti wakuu. Kwanza, feni imekufa. Ndoano ilikuwa imetokea pembeni kama mlivyosema, na mkia mmoja nimeunyoosha kwa maji ya moto. Nikachutama ukingoni mpaka mtoto mmoja akauliza mama yake huyu anatafuta nini.

Tk-tk nimeisikia. Nimepata mmoja, mdogo. Lakini kuna kitu kimenitesa: mara tatu nimemwona besi anaifuata swimbeti kutoka kwenye majani, yuko nyuma yake kama sentimita 30, anakuja nayo mpaka karibu na ukingo, anageuka anaondoka. Mara tatu! Mmoja alikuwa mkubwa, mgongo wake mpana hivi. Nimekosea wapi?

#20

Amekuona mkuu. Simama nyuma.

#21 (yule wa #19)

Nilikuwa nimesimama nyuma, hatua nne, kama ilivyoandikwa.

#22 (mleta uzi)

Hongera kwa huyo mdogo. Hawa wanaofuata ni habari njema, ina maana mahali ni penyewe na mwendo umekaribia. Anayefuata bila kugonga ananusa tatizo moja: kitu hiki hakibadiliki. Samaki wa kweli akigundua anafuatwa anafanya kitu. Wako anaogelea tu kwa mwendo ule ule kama hana habari.

Kwa hiyo ukimwona nyuma, usisimame kabisa, hilo ndilo kosa ambalo mkono unataka kufanya. Swimbeti yenye kichwa cha risasi ikisimama inadondoka pua chini na mkia unanyamaza, na anapata nafasi ya kuichunguza. Mpe mizunguko miwili ya haraka, kama imeshtuka, kisha rudi kwenye mwendo wako wa kawaida. Mara nyingi anagonga pale pale mwendo unaporudi. Akikataa, usimrushie ile ile tena papo hapo. Rudi nyuma, kaa dakika kumi, badilisha uweke ndogo kwa sentimita mbili au tatu, na utupe kutoka upande wa pili ili ipite kichwani pake badala ya kumjia kwa nyuma.

Na wakati wa kumalizia, usiinyanyue swimbeti ikiwa bado mita mbili kutoka ukingoni. Ivute mpaka uione, kisha ifagilie sambamba na ukingo kwa ncha ya fimbo, uiache ipite mita moja zaidi. Wawili wa wiki iliyopita walinigongea hapo, miguuni kabisa, mshipi ukiwa mfupi kuliko fimbo. Hakikisha breki ya rili umeilegeza kidogo kabla, maana kwa mshipi mfupi namna hiyo hakuna kitu cha kuvutika.

#23 (yule wa #19)

Kesho jioni narudi kwa yule mwenye mgongo. Breki nimeshailegeza.

#24 (yule wa #5)

Mnaweza kuniambia hizo za sentimita 8 zinavaa ndoano namba ngapi? Nauliza kwa ajili ya rafiki yangu.

#25 (mleta uzi)

Mwambie rafiki yako 2/0 au 3/0, na asilete minyoo upande wangu wa bwawa.